Mlango wa Kushoto wa Mbele

Abilahi alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari Uingereza miaka thelathini na miwili, na katika miaka mitatu tangu arudi Kilwa Kivinje hakuna mtu aliyewahi kumwona ameshika spana. Watu walilichukua jambo hilo kwa heshima. Walisema daktari bingwa hachomi sindano, kazi hiyo ina watu wake.

Sababu ya heshima yote hiyo ilikuwa picha. Ilining'inia sebuleni kwa dada yake Mwahija tangu mwaka sabini na tisa: Abilahi kijana, ovaroli ya buluu, nywele nyingi, amesimama kando ya gari jekundu jipya na mkono ameuweka juu ya paa lake kama mtu aliyemshika ng'ombe wake mnadani. Watoto wa mtaa mzima walikua wakiiona. "Kaka yangu anatengeneza magari," Mwahija alimwambia kila aliyeingia, hata waliokwisha kuambiwa. Basi mzee aliporudi kukaa kwa dada yake na masanduku yake mawili, amefiwa na mke, mgongo umepinda kidogo, alikuta jina limeshamtangulia. Aliitwa Injinia.

Hakuwa amemdanganya mtu. Barua yake ya kwanza, mwaka sabini na nne, alipoacha ubaharia akapata kazi katika mji wa Coventry, ilisema: *Nimepata kazi ya kutengeneza magari.* Ni kweli alikuwa anatengeneza magari. Kitu ambacho hakukiandika, na baadaye akaona aibu kukiandika, ni kwamba kazi yake yeye ilikuwa mlango. Mlango mmoja, wa kushoto wa mbele. Gari lilimjia kwenye mstari likitembea polepole, likiwa bati tupu. Yeye akainua mlango, akaulinganisha na bawaba zake, akakaza nati, akapitisha kidole kwenye upenyo kuona kama uko sawa juu na chini, akausukuma, ukafunga. Gari likaenda. Likaja jingine. Injini iliwekwa na watu wengine, upande mwingine wa jengo ambao miaka yake mingi ya mwanzo hata hakuwahi kufika.

Kwa hiyo watu walipomletea magari yao Kivinje alijitetea awezavyo. Mara mgongo. Mara miwani. Mara, "Hili ni la Kijapani, sisi kule tulikuwa na utaratibu tofauti." Watu waliitikia kwa vichwa, wakaenda kwa fundi mwingine, na heshima yake ikabaki palepale. Usiku wa siku kama hiyo yeye hakula vizuri.

Jumamosi moja ya Novemba, msimu wa korosho umepamba moto, Saad mjukuu wa Mwahija alikuwa anaoa Somanga. Basi dogo la akina mama lilitangulia mapema na vigelegele vyake. Nyuma likafuata Noah, gari la abiria la Fakihi, dereva wa mtaani kwao, limembeba bwana harusi na kanzu yake mpya, marafiki zake watatu, Mwahija aliyekataa kupanda basi kwa sababu ya kelele, na Abilahi, ambaye kama mkubwa wa ukoo aliwekwa kiti cha mbele, kushoto. Mlango wa kiti hicho ulikuwa umelegea. Ili ufunge, Fakihi alizunguka, akaunyanyua kwa mikono miwili, akaubamiza kwa nguvu mpaka gari zima likatikisika.

"Umechoka kidogo, babu," alisema.

Abilahi alikuwa ameshauona ubovu huo tangu mbali.

Walipita Nangurukuru wakashika barabara kuu ya kwenda Dar. Ilikuwa kama saa nne na nusu asubuhi. Ndoa ingefungwa baada ya sala ya adhuhuri, na shehe alikuwa amewaambia wazi kwamba ana ndoa nyingine alasiri, hawezi kungoja. Kama kilometa moja kabla ya Tingi gari lilikohoa mara mbili, likapunguza mwendo lenyewe, likazimika. Fakihi aliliacha lijisukume mpaka pembeni. Akawasha. Stata ilizunguka vizuri kabisa, lakini injini haikushika. Akajaribu tena na tena.

Halafu, kama watu waliofundishwa pamoja, wote wakamgeukia mzee.

"Alhamdulillahi," alisema Mwahija. "Tungekuwa na mtu mwingine hapa, tungehangaika."

Fakihi alikwisha kushuka na kufungua boneti. Saad naye akashuka, akamfungulia babu yake mlango ule mbovu kwa adabu, akampa mkono. Abilahi akatoka. Akaenda mbele, akainama juu ya injini, akavaa miwani. Aliona mipira, waya, kofia ya plastiki nyeusi, betri. Betri aliijua. Aliigusa. Marafiki wa Saad walisogea waone kinachofanyika, mmoja ametoa simu arekodi.

"Babu, kwa haraka haraka, unaona ni nini?" aliuliza Fakihi.

Abilahi alimwona Saad. Kijana alikuwa amesimama juani, kilemba kimeanza kulowa jasho, haulizi kitu, anamtazama tu kwa imani tupu. Mzee baadaye alisema kuwa angeweza kuutaja mgongo tena, au Wajapani, na pengine wangemkubalia. Ni ile imani ya mtoto iliyomshinda.

Akavua miwani.

"Sijui," alisema.

"Yaani huna vifaa?"

"Sijui, Fakihi. Mimi sijui injini. Sikuwahi kuijua." Akamgeukia dada yake, maana yeye ndiye aliyestahili kuambiwa. "Mwahija, mimi kule nilikuwa naweka milango."

Lori la korosho lilipita na upepo wake ukapeperusha kanga ya Mwahija. Aliishika.

"Milango tu?"

"Mlango mmoja. Wa kushoto wa mbele. Miaka yote."

"Na ile picha?"

"Siku ile walitupiga picha kila mmoja na gari. Gari halikuwa langu. Mlango ule wa kushoto ndio ulikuwa wangu."

Hakuna aliyecheka. Yule kijana wa simu aliirudisha mfukoni. Mwahija aliifunga upya kanga yake, macho barabarani, na Abilahi akaanza kufikiri kwamba labda atalazimika kutafuta chumba cha kupanga.

"Kwa siku ulikuwa unaweka mingapi?" aliuliza hatimaye.

"Inategemea. Mia, mia na hamsini. Siku nyingine mia mbili."

"Kwa miaka thelathini na miwili."

"Ndiyo."

Mwahija alijaribu kuzidisha kichwani, akaacha. "Basi ni mamia ya maelfu ya watu," alisema, "wamefunguliwa mlango na mtoto wa mama yetu. Hilo nalo ulikuwa unalificha kwa nini?"

Kisha akamgeukia Fakihi kwa sauti nyingine kabisa. "Na wewe umesimama unangoja nini? Tafuta fundi!"

Walipiga simu. Watu wa Somanga walijitolea kutuma bodaboda imchukue bwana harusi peke yake, Mwahija akakataa katakata. Alisema mjukuu wake hatafika kwa wakwe kama kifurushi. Mtu mmoja wa baiskeli akawaambia kuna gereji pale mbele, mwanzo wa Tingi, ya Batuli. Wakavua viatu vyao vipya wasiviharibu, wakakunja kanzu mpaka magotini, wakalisukuma Noah kwa miguu mitupu, bwana harusi katikati. Barabara ilikuwa inateremka kidogo, Mungu aliwahurumia. Waliokuwa kando ya njia walipiga makofi.

Gereji ya Batuli ilikuwa banda la makuti, shimo la kuingia chini ya magari lililozungushiwa matofali, na maringi ya zamani yaliyopangwa ukutani. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amefunga kilemba cha kitenge, suruali ya kazi na ndara. Alikuwa amesomea ufundi Lindi mjini, akarudi kwao. Aliona msafara wa kanzu unaingia na gari, akafuta mikono.

"Shikamoo bibi, shikamoo babu. Bwana harusi ni yupi? Au nisiulize, ni yule anayetaka kulia."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mwahija. "Tuna ndoa saa saba."

Batuli hakwenda kwenye boneti. Alimwambia Fakihi awashe, yeye akainama nyuma ya gari akasikiliza. "Pampu ya mafuta hailii," alisema. "Gari hili limebeba nini juzi?"

"Korosho," alisema Fakihi. "Magunia manne tu, ya shemeji."

"Na limelala na magunia ndani?"

"Siku mbili."

"Basi kulikuwa na abiria wengine hukuwatoza nauli." Akaingia ndani, akainua zulia la nyuma, akang'oa kifuniko kidogo cha bati, na kuvuta waya mbili zilizotafunwa mpaka shaba ikaonekana, moja imekatika kabisa. Maganda ya korosho yalikuwa yamejaa kando yake. "Panya wa Novemba. Hili ni gari la tatu mwezi huu. Nusu saa."

Wote wakapumua. Mwahija akapewa kiti, vijana wakakaa juu ya matairi. Abilahi peke yake hakukaa. Alikuwa amesimama karibu na ule mlango wa kushoto wa mbele, anaunyanyua na kuushusha kwa vidole viwili, anainama kutazama bawaba.

"Batuli, mwanangu," alisema, "una spana namba kumi na mbili? Na jeki ndogo, na kipande cha mbao."

Batuli alichungulia kutoka ndani. "Babu ni fundi?"

"Wa mlango," alisema Abilahi. Ilikuwa mara ya kwanza kujiita hivyo katika miaka yote ile, na neno lilitoka bila shida.

Alipewa alivyoomba. Akaweka jeki chini ya mlango uliofunguliwa, mbao katikati rangi isichubuke, akalegeza nati za bawaba kidogo tu, akaanza kuuinua. Saad akaja kumshikia kanzu isiguse grisi.

"Babu, kule walikuwa wanakupa muda gani kwa mlango mmoja?" aliuliza Batuli. Alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya kiti, anamenya waya.

"Dakika mbili na kitu. Ukichelewa, gari linaondoka na wewe unalifuata."

"Na mji mzima walikuwa wanafanya kazi hiyo?"

"Karibu mji mzima. Ukikutana na mtu, baada ya salamu unamuuliza yuko kiwanda gani. Lakini haukuwa mji wa magari tangu zamani. Zamani walikuwa wafumaji. Walifuma utepe wa hariri, wa kupamba kofia za wanawake, na wengine walitengeneza saa. Halafu utepe ukaanza kuingia kutoka Ufaransa kwa bei ndogo, watu wakalala njaa mji mzima."

"Kama ufuta ukishuka bei," alisema Mwahija.

"Hivyo hivyo. Basi wale waliojua kazi ndogondogo za chuma wakaanza kutengeneza cherehani. Kutoka kwenye cherehani wakaingia kwenye baiskeli. Baiskeli mnayoijua, magurudumu yanalingana na mnyororo unazungusha la nyuma, ilipata umbo lake pale. Na aliyekwisha kujua baiskeli hakushindwa kufikiria injini. Ndipo magari. Mimi nilipofika, karibu miaka themanini ilikuwa imepita tangu gari la kwanza."

"Nani alikusimulia yote hayo?"

"Mzee tuliyekuwa tunafanya naye kazi, yeye mlango wa kulia. Baba yake alikuwa kiwandani, babu yake alikuwa fundi wa baiskeli, babu wa babu mfumaji. Alikuwa ananisimulia tukila mkate. Na wakati wa vita vile vikubwa, viwanda viligeuzwa vya injini za ndege, Wajerumani wakaja na mabomu wakauchoma mji usiku mmoja. Kanisa lao kuu liliungua paa lote. Mpaka leo kuta zimesimama wazi, mvua inaingia, na jipya wamelijenga ubavuni pake."

"Kama magofu ya msikiti kule Kilwa Kisiwani," alisema Saad.

"Mimi nilipoliona mara ya kwanza nilikaa pale nikaikumbuka Kisiwani mpaka nikachelewa zamu."

Alishusha jeki kidogo, akapitisha kidole juu ya upenyo, akapandisha tena. Akasema kwamba siku za mwanzo mji ulikuwa na kazi kuliko watu: Wapunjabi wa India, Wajamaika, Waairishi wa Ireland, na yeye mmoja wa Kivinje, ambaye msimamizi alimwita Abi kwa sababu jina lote lilimchosha. Kwamba mke wake, Nora, alikuwa Mwairishi aliyeshona viti vya magari. Kwamba kulikuwa na migomo, na majira ya baridi ambayo walisimama nje ya geti wakiota moto kwenye pipa. Halafu miaka ya themanini viwanda vikaanza kufungwa kimoja kimoja, na vijana waliozaliwa wakitegemea kuingia kiwandani kama baba zao wakabaki wanazunguka mitaani mchana.

"Chetu kilidumu mpaka elfu mbili na sita," alisema. "Siku ya mwisho mstari ulikuja na mapengo, gari hapa, gari kule mbali. La mwisho lilipofika kwangu nilitia mlango, nikasukuma, ukafunga. Nikangoja. Halikuja jingine. Nikanawa mikono."

Batuli alikuwa ameacha kufunga utepe wa umeme, anasikiliza. "Na mji ukafa?"

"Haukufa. Sasa umejaa wanafunzi na maghala, na palipokuwa na kiwanda malori yanapakia vifurushi. Nilidhani nitaona uchungu kupita pale. Mwanzo niliona. Baadaye nikawa napita tu. Mji ulikwisha kubadilika mara nne kabla yangu, mimi ni nani uningoje?"

"Washa!" Batuli alipaza sauti.

Fakihi akawasha. Injini ikashika mara moja. Vijana wakapiga kelele, Mwahija akapiga kigelegele kimoja kifupi, cha akiba. Abilahi alikaza nati ya mwisho, akaondoa jeki, na kuusukuma mlango kwa kiganja, taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Ukaingia mahali pake kwa mlio mdogo.

Fakihi hakuamini. Aliufungua akaufunga mara nne. Saad akaomba naye ajaribu. Hata Mwahija aliinuka kitini.

"Babu," alisema Batuli, akiangalia upenyo ulivyolingana juu mpaka chini, "mimi milango inanishinda. Naigonga nyundo tu. Una shughuli gani Jumatatu?"

"Sina."

"Mabasi na malori yanaletwa hapa milango imefungwa kamba. Njoo."

Walifika Somanga saa saba kasoro dakika kumi. Shehe alikuwa hajatoka msikitini. Saad aliozeshwa kanzu yake ikiwa na alama ya vumbi magotini, na wakwe walipouliza, Fakihi alisimulia kisa chote, na cha panya, na cha mlango, bila kuficha kitu. Abilahi alikuwa amekaa mkekani na sahani ya pilau mbele yake, akingoja watu wacheke. Walicheka kuhusu panya. Mzee mmoja wa Somanga, mvuvi, alimsogelea akamuuliza kama ni kweli mtu anaweza kufanya jambo moja miaka thelathini na miwili bila kuchoka. Abilahi akamjibu kwamba alichoka sana, ila mikono haikuchoka. Walizungumza mpaka alasiri.

Jumatatu alipanda basi dogo kwenda Tingi, na Jumatano tena. Mpaka mvua za Machi alikuwa anakwenda siku nne kwa wiki. Mwahija alilalamika juu ya mafuta kwenye nguo, lakini alimshonea ovaroli kwa cherehani yake, ya kahawia kwa sababu alisema buluu imekwisha kupitwa na wakati. Madereva wa korosho walianza kusimama Tingi kwa ajili ya milango tu, bila kuharibikiwa kitu kingine chochote. Batuli alimlipa kwa wiki, na kila kazi ilipopungua alimwita shimoni, akamwonyesha kitu kimoja kwa siku: hii plagi, hii ndiyo pampu, huu mkanda ukikatika utasikia hivi. Abilahi aliandika kwenye daftari la shule, kwa herufi kubwa, akachora na vishale. Mambo mengine alisahau, akauliza tena bila haya.

Mwezi wa Aprili, siku ya manyunyu, gari la kwanza alilolitengeneza mwenyewe, tangu kulichunguza mpaka kuwaka, lilikuwa pikapu ya muuza magimbi. Batuli alikuwa amekwenda Lindi kununua vipuri. Ilimchukua asubuhi nzima, na kosa lenyewe lilikuwa dogo. Mwenye gari alimshukuru, akamwachia fungu la magimbi, akaenda zake. Abilahi aliosha mikono kwa sabuni ya unga, akawasha jiko la mkaa chini ya banda, akatia magimbi sufuriani, akakaa kuyangoja yaive huku mvua ikigonga makuti.